Karavani ya shemeji na maji yaliyojificha

Ukishuka kwenye matatu mjini Isiolo na kuuliza nyumba ya mwalimu mwenye gari lisilo na injini, mtoto yeyote wa Wabera atakufikisha hadi langoni bila kukuomba hata peremende. Mwalimu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Na gari hilo lisilo na injini, msomaji mpenzi, ndilo lililonifanya niiweke kando mada niliyokuwa nimeikusudia Jumapili hii, nikuletee kisa cha karavani.

Huenda wewe uliyezaliwa na kulelewa jijini hujawahi kuiona karavani kwa macho yako. Basi fikiria chumba kidogo chenye kitanda, meza, kabati na jiko la gesi, kilichowekwa juu ya magurudumu mawili ili kivutwe na gari. Wazungu huenda nayo likizoni, wakalala popote jua linapowatulia. Hapa kwetu nyingi zilizosalia ziliachwa na walowezi na wahandisi wa barabara, na ukizurura Nanyuki au Naivasha utaziona zimesimama nyuma ya boma, zimegeuzwa mabanda ya kuku au vibanda vya mabawabu. Shemeji, ambaye tangu ujana wake hupenda kulala nyikani kuliko kitandani, alikuwa akizitazama kwa jicho la mtu anayemwona ndugu yake akiteseka.

Mapenzi hayo hayakuanzia kwake. Marehemu babake alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi kandokando ya barabara ya kwenda Archer's Post, na hadi anazeeka alikuwa akisimulia jinsi alivyoona nyumba za fedha zikipita, zimevutwa na magari, moja baada ya nyingine, hata akawasahau mbuzi na kuchapwa jioni. Watu walimcheka. Wengine walisema mzee anachanganya na malori ya jeshi. Shemeji mwenyewe hakusadiki mpaka aliposoma habari za Wally Byam.

Byam alikuwa Mmarekani mwenye kampuni ya Airstream, aliyeunda trela za alumini zenye umbo la yai lililolazwa, bati lake likiwa limeshikwa kwa riveti kama bawa la ndege. Clipper, ile iliyompa jina, ilitoka mwaka 1936. Mnamo 1959 aliongoza msafara wa trela 41 na zaidi ya watu mia moja kutoka Cape Town, wakalipanda bara zima, wakapitia Kenya na Ethiopia, na kufika Cairo mwaka 1960. Na barabara ya gari ya kutoka Nairobi hadi Addis Ababa ilikuwa hii hii ya Isiolo, Marsabit na Moyale. Basi mzee hakuwa akiota.

Miaka michache baadaye njia hiyo haikuwa tena ya matembezi. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido, na ni jina lake ambalo mtaa huu unalibeba. Vita vya Shifta vikafuata. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliyetaka kwenda Marsabit alisubiri kwenye kizuizi cha Isiolo, mahali ambapo lami ilikuwa ikiishia, mpaka magari yatimie na askari wapatikane. Lami ilifika Moyale katika miaka ya 2010. Tangu siku hiyo shemeji alikuwa na wazo moja tu kichwani: kuvuta nyumba yake mwenyewe, na watoto wake ndani ya gari, kupita pale babake alipokaa na mbuzi.

Mwanzoni mwa 2023, wakati ukame umeikaba kaskazini yote kooni, akanipigia simu niandamane naye Nanyuki. Dada alikuwa amenuna kama mawingu ya Aprili. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imetapakaa malishoni, bei ya unga ilikuwa juu, na hapo mwanamume anachukua shilingi 90,000 za akiba kwenda kununua nini? Nyumba ndogo, na nyumba kubwa anayo! Hata hivyo alipanda Land Rover pamoja nasi, na watoto wawili, kwa sababu, alisema, alitaka kuuona huo ukichaa kwa macho yake.

Ilikuwa Sprite ya miaka ya 1970. Hizi zilitoka Newmarket, Uingereza, katika kiwanda cha Sam Alper, mtu aliyetaka karavani iwe nyepesi na rahisi ili hata mfanyakazi wa mshahara wa kawaida aweze kuwa nayo. Wepesi huo una siri yake, na ni heri uijue mapema. Airstream ni ganda, alumini yenyewe ndiyo mifupa. Sprite ni kabati la mbao lililovishwa bati. Ndani kuna fremu ya mbao nyembamba, nje bati la alumini, na upande wa chumbani ubao mwembamba uliopakwa rangi. Bati linaweza kung'aa miaka hamsini huku mbao zilizo nyuma yake zimegeuka unga. Sisi hatukulijua hilo. Tuliligonga bati, likalia, tukafurahi.

Muuzaji aliapa kuwa karavani ni ya kufunga na kuondoka nayo. Karatasi za usajili alikuwa nazo, na hilo nalisisitiza kwako, kwani trela huwa na nambari yake yenyewe inayoanza kwa Z na kitabu chake cha usajili kama gari lolote. Ukinunua bila kitabu umenunua banda la kuku. Tukalipa, tukafunga, tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Hapo ndipo mzee mmoja dereva wa lori akaja, akachuchumaa bila kusalimu, akausoma ubavu wa taili kama mtu anayesoma barua ya posa.

"Mwalimu," akasema, "hii taili ni kubwa kwa mtoto wako."

Sote tukamtazama. Akatuonyesha tarakimu nne za mwisho zilizopigwa muhuri kwenye mpira: 1406. Maana yake juma la 14 la mwaka 2006. Mpwa wangu wa kwanza hakuwa hata amezaliwa. Taili ya karavani, akaeleza, haiishi kwa kutembea bali hufa kwa kukaa. Mifereji yake inaweza kuwa ingali mirefu na huku mpira umekauka na kupasuka kama kisigino. "Na breki je? Umezijaribu?" Shemeji akamjibu kwamba muuzaji amesema ziko sawa. Yule mzee akacheka, akauliza tunaelekea wapi. Alipoambiwa Isiolo aliacha kucheka.

Wanaoijua barabara hiyo watamwelewa. Ukitoka Timau, kwenye baridi na mashamba ya ngano, unateremka hadi joto la Isiolo, kutoka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hadi kama mita 1,100. Trela isiyo na breki kwenye mteremko kama huo haivutwi tena. Inasukuma. Dada alishuka garini, akawashika watoto mikono, akasema yeye atapanda matatu. Shemeji akanung'unika, akatoa shilingi 12,000 nyingine, na karavani ikapandishwa juu ya lori la yule mzee.

Juma lililofuata, ndani ya boma la Wabera, fundi aliifungua gurudumu la kushoto. Beringi ilikuwa imesagika, grisi imekuwa kama lami baridi, na ngozi za breki zilikuwa zimebanduka na kulala chini ya ngoma yake. Shemeji aliitazama kwa muda mrefu. Aliyaokota mabaki ya beringi akayaweka kwenye mkebe wa kahawa, na mkebe huo uko juu ya meza yake mpaka leo. Kuhusu zile elfu kumi na mbili hajawahi kunung'unika tena.

Ungetarajia mtu aliyeponea hivyo awe na subira. Wapi! Ekseli ilipotengenezwa na taili mpya zikavalishwa, alikimbilia rangi. Krimu juu, kijani chini, mapazia ya maua, picha tele kwa jamaa wa Nairobi. Majirani wakaja kuona, watoto wa mtaa wakapanga foleni kuchungulia dirishani. Nami nilisifu, sikatai.

Halafu mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikashuka. Msomaji, kaskazini ile ile iliyokuwa ikililia tone ikawa inakimbia mafuriko. Usiku wa tatu, mpwa wangu aliyekuwa amelala ndani ya karavani kama mfalme alikuja kugonga mlango wa nyumba kubwa akiwa amelowa. Asubuhi shemeji aliugusa ukuta chini ya dirisha, na kidole chake kikazama. Ubao ulikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alipoubandua, fremu yote ya upande ule, kuanzia kwenye kona ya paa hadi sakafuni, ilianguka mapajani mwake ikiwa nyeusi na yenye harufu ya pango.

Nyumba njema si mlango. Uozo ule haukuwa wa mvua hiyo. Ulikuwa wa miaka mingi ya mvua za Nanyuki, maji yakipenya taratibu penye maungo ya paa na pembeni mwa madirisha. Ukame wa Isiolo uliukausha tu, ukauficha, sisi tukaupaka rangi juu.

Kwa hivyo ukienda kununua, usiiangalie karavani, inuse. Fungua makabati, ingiza pua kwenye pembe, hasa chini ya madirisha na mahali paa linapokutana na ukuta. Ukisikia harufu ya gunia lililolala na maji, jua kuna kesi. Kisha bonyeza kwa kidole gumba kila shubiri moja, na ugonge kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hulia kavu, penye uozo hulia bubu. Lala chini chali uione chesi. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa si neno, lakini kutu inayobanduka kwa maganda ni neno kubwa. Kama huwezi kuchafua shati lako kwa ajili ya kulala chini ya karavani, hiyo si kazi yako.

Ukarabati wenyewe ulipoanza, ugomvi ulikuwa kati ya shemeji na fundi wa kuchomelea. Fundi huyo ni hodari, mageti ya nusu ya mtaa ni kazi yake. Shauri lake lilikuwa tutupe mbao zote tuweke vyuma vya mraba, tuchomelee, "na mvua ya Nuhu ije." Linavutia, sivyo? Mbao zinaoza, chuma kinadumu. Lakini Alper hakuwa mjinga. Chesi nyembamba, ekseli na breki za karavani ile zilipimiwa uzito wa mbao na bati; ukiijaza vyuma unapata nyumba isiyooza na isiyosimama inapoteremka mlima. Na kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hulipuuza. Chuma kikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa, ikawa unga mweupe kuzunguka kila msumari. Ndiyo maana skurubu za chuma cha kawaida, za bei rahisi pale sokoni, ni sumu kwa bati la karavani. Tafuta zisizoshika kutu, hata kama utanunua chache chache.

Basi fremu ikarudi kuwa ya mbao za saiprasi, zilizokaushwa vizuri na kupakwa dawa. Hapa seremala ndiye aliyetufunza adabu. Alituzuia kuchoma mbao zilizooza. Kila kipande, hata kilichobaki nusu, alikilaza sakafuni mahali pake kama daktari anayepanga mifupa, akakichora kwenye karatasi, kisha ndipo akakata kipya. Pasipo na kipande cha kuigwa, fundi hubahatisha, na akibahatisha kwenye pembe ya paa utalijua hilo mvua ikija.

Na silikoni! Kama kuna kitu ningependa kipigwe marufuku katika ukarabati huu ni ile bomba ya silikoni ambayo kila mtu huiona ni dawa ya kila ufa. Mwenye karavani wa awali alikuwa ameimimina juu ya kila ungo. Maji hupita chini yake hata hivyo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Njia ya kweli inachosha: ng'oa ukanda wa alumini ulioziba ungo, kwangua gundi kuukuu yote mpaka bati liwe safi, laza utepe mpya wa mpira laini unaonata, kisha rudisha ukanda na ukaze. Shemeji alitumia likizo nzima ya Aprili kwa upande mmoja tu.

Nimeruka sehemu ngumu. Januari 2024 mpwa wangu aliitwa kidato cha kwanza, naye alikuwa katika kundi la mwisho kufanya mtihani wa KCPE. Sanduku, godoro, karo, nauli. Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, mbao zitangoja. Shule haingoji." Fedha zilizokuwa za saiprasi zikaenda shuleni, na karavani ikakaa uchi chini ya turubai, mbavu nje, miezi mitatu. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani yake. Bei aliyotaja kwa kilo ya alumini haikuwa mbaya, na shemeji, kwa mara ya kwanza, alinyamaza kama mtu anayefikiria.

Aliyemfukuza mnunuzi huyo ni dada.

Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Akanichukua hadi stoo akanionyesha mlango wa kabati la nguo la karavani, aliokuwa ameufunga kwa shuka asije seremala akaukata. Upande wa ndani kulikuwa na mistari ya penseli, ya kupima kimo cha watoto, na miaka yake: 1974, 1975, kuendelea hadi 1979. Watoto wawili, mmoja akimpita mwenzake katikati ya njia. Ni akina nani, walikwenda wapi, mwenyezi anajua. Juu ya ile mistari, kwa wino wa kalamu, dada alikuwa ameongeza miwili: 2023, ya wanawe. "Niliipima siku ile ile tuliyoileta," akasema, "nikiwa bado nimekasirika." Mlango huo umerudishwa mahali pake bila kupigwa randa wala rangi.

Mambo ya gesi nitayapitia upesi, lakini usiyapite wewe. Bomba la mpira la zamani litupe, hata likionekana zima. Kila ungo jaribu kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Matundu yaliyo sakafuni usiyazibe kwa sababu ya vumbi au nge, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja ni pale chini inapotafuta njia ya kutoka. Na jiko la makaa lisiingie ndani kamwe, hata baridi ya Marsabit ikuume vipi.

Desemba iliyopita nilialikwa kwenye safari ya kwanza: Wabera hadi Archer's Post, kama kilomita arubaini hivi, lami tupu. Vitu vizito, maji na mtungi na sanduku la vifaa, vilikaa chini, juu ya ekseli. Ukiviweka nyuma kabisa karavani hunyanyua pua na kuanza kuyumba kama mkia wa mamba. Tulitoka alfajiri. Wanawake wa maziwa ya ngamia walikuwa wakishusha madumu, na vijana wa bodaboda walituandama hadi mwisho wa mji wakipiga honi kama vile tumeoa.

Baada ya kilomita kumi shemeji akasimama kando ya barabara. Ni sheria yake sasa. Akateremka, akaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu la kulia. Vuguvugu. Akazunguka, akagusa la kushoto, akauondoa mkono haraka.

Hakuna aliyesema neno. Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa kofia zao za safari. Mimi, na ninaungama hapa, nilitaka aseme twende tu polepole, zimebaki thelathini. Alifuta mkono kwenye suruali, akamtazama dada, akageuza gari.

Kumbe nati ya beringi ilikuwa imekazwa kupita kiasi, kosa la robo mzunguko tu. Ililegezwa siku hiyo hiyo, na Jumamosi iliyofuata kitovu kilikuwa vuguvugu kwa kilomita kumi, kwa ishirini, na hadi tulipouona Mlima Ololokwe umesimama mbele yetu kama meza. Tulipika chai. Shemeji aliketi kwenye kidaraja cha mlango, akaitazama barabara, bila shaka pale alipodhani palikuwa na mbuzi.

Marsabit bado. Dada anasema mpaka breki za kulia zibadilishwe na karo ya muhula wa pili iwe imelipwa, kwa mpangilio huo huo.